Kitambaa Bombani

Miye nauza nanasi,
sina mengi, sina kesi,
na fedha zangu nyepesi
kwa chama zimetimia.

Sidi, katibu wa chama,
jina langu alisoma,
wote wakanitazama,
kigelegele kulia.

Laki sita mkobani,
nikaondoka Barani
kwa Twahiri, uwanjani,
magari hutuuzia.

Proboksi moja nyeupe,
taa zake kama kope,
imesuguliwa tope,
iling'aa, yavutia.

Twahiri kanikalisha,
soda moja kaninywesha,
sauti akaishusha
kama anahurumia:

"Dada, sheria yakuja,
kali, si ya ngojangoja;
kila bomba, moja moja,
kipimo watalitia.

"Zitakazoshuka meli
ni changa, zisizofeli;
bei, nakwambia kweli,
milioni yafikia.

"Twaa hii leo leo,
kabla ya hilo zuio;
kesho yaja na kilio,
mwenzio nakuambia.

"Mwenye gari alikuwa
mwalimu aliyetawa,
Japani, mbio hajuwa:
shuleni, na kurudia."

Moyo ukadundadunda,
nami gari naipenda,
mkoba nikaupinda,
nusura kumuachia.

Ila fundi wangu, Chengo,
alinifunza mpango:
"Usisikize urongo,
bomba litasimulia."

Leso nyeupe, kipande,
nikainama upande,
Twahiri na asipende,
bombani nikakitia.

"Washa!" Kijana kawasha,
nzima ikajitingisha,
mkono ukaniwasha,
harufu ikasalia.

Kitambaa kufunua:
cheusi, si cha kufua,
masizi yamechanua
mfano wa sufuria.

"Humu lilikuwa sega
la moshi. Nani kaloga?"
Twahiri kapiga soga,
la maana kukimbia.

Lilikatwa Mombasani,
likauzwa kwa mizani;
madini aghali ndani,
wajanja huyavizia.

Nikija kupimwa kesho,
nikianguka, ni mwisho:
sega jipya, bei tisho,
nani atanilipia?

Huko ilikotumika
ilifeli, ikaruka
bahari, kwetu kufika,
"mpya" ikaitikia.

Nikaitazama changa,
buluu kama ya anga,
bomba lake lina mwanga;
bei ikanizuia.

Nyevu, mwanangu wa tatu,
hupumua kama chatu,
lori za mawe ya kwetu
moshi zikitumwagia.

Sheria siilaani:
na iingie bombani!
Mbona yaanzia chini,
wa juu wapitilia?

Lori la mawe lapita,
wingu jeusi laleta,
nani wa kulikamata?
Ni mimi wa kuvamia.

Twahiri akapunguza,
kisha akabembeleza,
nami nikamuuliza:
"Wewe utaitumia?"

Hakujibu; akapanda
pikipiki, akaenda
kwa mteja wake, Ganda,
upesi kumuuzia.

Ijumaa niliona
Proboksi ile, mchana;
Sidi, kicheko mwanana,
honi akanipigia.

Nikapunga, nikacheka,
ulimi ukanishika:
la sega sikutamka,
hadi leo najutia.

Benki nako nikapita:
riba yao inachota,
hati ya shamba wavuta
kabla ya kukupatia.

Kwa sasa, mkokoteni;
Kazungu mbele, sokoni,
sigara i mdomoni,
ndipo moshi huishia.

Kitambaa ningalicho,
ni cheusi kama jicho;
mkobani ndiko ficho,
fedha zikikilalia.