Hiyo Pia ni Pia

Keko, saa kumi, mashine za kukereza zimenyamaza
maana umeme umekwenda ulikokwenda,
nami nimekaa juu ya kitanda kisicho na chaga
namtazama Swaumu akifungua boksi lake.

Pia nne, za Kariakoo, Mtaa wa Kongo,
pamoja na beseni la kupigania.
Plastiki iliyovishwa pete ya chuma.
Moja ina joka, moja macho mekundu,
moja imechorwa radi ambayo bado haijampiga mtu.
Anachomeka, anavuta utepe wenye meno,
zrrrr!
na kitu kinatua kimeshakasirika.

"Zenu zilikuwaje, baba mdogo?"

Zetu.
Zetu zilikuwa mpera, mwanangu.
Tawi la nyuma ya choo cha akina Kondo,
limeibwa mchana, limechongwa usiku,
kwa kisu cha kumenyea mihogo
ambacho mama alikitafuta siku tatu.
Msumari tuliukata kichwa,
tukausugua kwenye ukingo wa karo mpaka uchome.
Ugwe tulisokota kwa nyuzi za gunia
na mate. Mate yalikuwa muhimu,
usiniulize kwa nini.

Beseni hapakuwa. Palikuwa na duara
la kisigino, na katikati yake
pia ya aliyeshindwa, imelazwa ubavu,
inasubiri.
Hatukucheza ili moja ianguke.
Tulicheza ili moja ipasuke.

Kaka yake Hamduni, aliyerudi likizo, anaguna mlangoni:
"Hizi mpya nyepesi. Zetu zilikuwa chuma chenyewe,
zilikuwa zinatoa cheche."
Ana miaka ishirini na miwili
na tayari ana enzi zake.

Basi nikafungua droo.
Ninayo moja, niliikereza juzi
kwa kipande cha mninga cha mguu wa kitanda
(mteja nilimwambia mbao ilikuwa na kidonda).
"Hii nayo?" akauliza Swaumu.
Hiyo pia ni pia.
Haikuenea kwenye beseni lake,
tukashuka sakafuni, tukafagia maranda.
Nikapiga magoti, na pia zangu mbili za magoti
zikalia kabla ya mchezo.

Nikazungusha ugwe. Nikarusha.
Mkono ulikumbuka, bega likasahau,
lakini mninga ukasimama, ukanguruma,
ukaivaa ile yenye joka,
na joka likatawanyika vipande vitatu:
kimoja chini ya benchi, kimoja kwenye gundi,
kimoja kwenye kiatu cha Hamduni.

Nilinyanyua mikono. Ndiyo, mtu mzima.
Swaumu hakulia.
Aliviokota, tak, tak, tak,
joka likawa zima.
"Hizi zimeundwa zipasuke," akasema.
"Ukipasua unapata pointi mbili. Halafu unaunga."

Halafu unaunga.

Ndani ya droo ile ile, chini ya tupa,
kuna nusu ya pia ya mpera.
Nusu nyingine alibaki nayo Kondo,
au aliitupa siku ile ile, sijui.
Hakunisemesha mpaka Ramadhani.
Msumari wangu sikuusugua kwenye karo kama wenzangu,
niliunoa kwa tupa ya mjomba, usiku,
na sikumwambia mtu.
Sasa Kondo anauza mabomba Mbagala,
tukikutana msibani tunaulizana watoto.

Swaumu ameipata hiyo nusu.
Anaigeuza, anaipeleka mwangani,
anapitisha ukucha palipopasukia
akitafuta jino, tundu, mahali pa kubana.
"Inaunganishwa wapi?"

Nilikuwa nafungua mdomo
umeme ukarudi.
Mtaa mzima ukanguruma,
na kwenye mashine yangu, niliyosahau kuizima,
mguu wa kitanda cha mtu
ukaanza kuzunguka.