Kodi ya Mlaji

Mashine ya risiti inakohoa saa mbili na robo asubuhi,
hapa Tandika, duka lenye vyakula mbele na saruji nyuma,
na mteja wa kwanza ni yule yule,
Mama Sikudhani wa maandazi:
sukari kilo tatu, hamira, mche wa sabuni.
Anafungua fundo la kanga. Noti zina unga.
"Na humo ndani, wao wamekula ngapi?"
Anauliza kila siku, kama mtu anayeulizia mgonjwa.
Kumi na nane kwa mia, namwambia.
Risiti anaikunja mara nne, anaitia kifuani.

Jioni Ngwembe, mwanafunzi wa uhasibu, mpangaji wa uani kwetu,
anakalia kreti la soda na kutupangia nchi.
"Futeni ya mshahara, futeni ya mapato, futeni makadirio,
ibaki moja, ya mlaji.
Anayekula sana alipe sana.
Nani atakwepa? Hata mwizi hununua viatu."

Nikiri, hivyo viatu vilinikaa.
Namjua Bwana Kitundu,
nyumba sita Sinza, ya saba Goba haijapauliwa,
na kwenye makaratasi yake ya mapato
ni maskini kuliko paka wa sokoni.
Mimi mshahara wangu hukatwa kabla sijauona.
Lakini alipokuja kuchukua vigae,
vya sebule, vya jiko, vya banda la mbwa,
mashine ilimkoholea vile vile,
na kwa mara ya kwanza yeye na serikali
wakaonana uso kwa uso.
Nilifurahi. Sifichi.

Ila usiku hesabu ilikataa kulala.
Nyuma ya boksi la sabuni nikaandika:
Sikudhani apata kumi, ala kumi.
Kitundu apata elfu, ala mia,
maana hata akila kwa mikono miwili
tumbo lina mpaka.
Mia tisa ziko wapi?
Zimelala Kigamboni, viwanja vinne, zinaota nyasi,
zikiamka zina watoto,
na hakuna mashine inayokohoa nyasi zikiota.

Kumi imeng'atwa yote.
Elfu imeng'atwa ncha.

"Ataila siku moja," akasema Ngwembe.
"Akiba ni chakula kilichochelewa. Kodi inamngoja mezani."
Mla ni mla leo, nikamjibu.
Mla kesho nitamdai wapi,
na mjukuu wa Sikudhani kifua kinambana leo?
"Basi Sikudhani arudishiwe kiasi kila mwezi, kwa simu."
Nani atamwandikisha? Ofisi ya mtaa
iliyomwandika Sikujuani hadi kwenye kadi ya kura?
Na akienda kuzitoa hizo hela, simu nayo si itakata chake?
Ngwembe akanyamaza, akafungua soda.
Akaitazama chupa.
Tukacheka wote wawili, si kwa furaha.

Mlaji.
Neno hili limekaa vibaya kinywani.
Kwetu alaye si atafunaye tu.
Yuko aliyekula daraja,
aliyekula dawa za zahanati bila kuugua,
na huyo hajawahi kupewa risiti.
Mtozeni huyo kwa kila tonge
na boksi langu la sabuni nitalichoma mwenyewe.

Leo asubuhi Mama Sikudhani kanimwagia mezani
risiti za miezi mitatu, zimelegea kama majani ya chai.
"Nijumlishie. Nataka kujua nimelipa nchi kiasi gani."
Nikakunjua ya kwanza, ya pili, ya kumi.
Nyeupe. Zote nyeupe,
kama makaratasi ya Bwana Kitundu.
"Jasho limekula wino," akasema, wala hakushangaa.
Kisha akafungua fundo:
sukari kilo tatu,
hamira.
Sabuni akairudisha.