Msoma Mita

Kazi yangu ni kusoma.
Mita za maji, kutoka Limbani hadi Kipangani:
nainua kifuniko, napangusa kioo kwa kidole gumba,
nasoma tarakimu, naandika, naondoka.
Watu hulalamika, "Mwezi huu hata hayakutoka!"
Nami hujibu: mimi nasoma kilichoandikwa.

Basi Time aliporudi skuli ya maandalizi
na kitabu cha kuazima, cha siku tatu,
nikakaa mkekani, nikasafisha koo,
nikafungua ukurasa wa kwanza.
Kuku. Mwavuli mwekundu. Mvua.
Nikafungua wa pili.
Nikakigeuza nyuma, nikakitikisa
kama atafutaye sarafu iliyozama kwenye pindo.
"Hakijaandikwa kitu," nikasema, "wamekosea kiwandani."

Time akaniangalia
vile mamaake alivyokuwa akiniangalia nikitafuta chumvi
na kopo la chumvi nimelishika mwenyewe.
"Baba, nyamaza kwanza. Angalia."

Nikanyamaza. Si kazi ndogo.
Feni ikazunguka.
Bomba la uani likavuja, tone, tone
(bomba la msoma mita, msicheke),
na kidole chake, kina mafuta ya sambusa,
kikatembea juu ya mvua bila kulowa.

"Na huyu umemuona?"
Sikuwa nimemuona.
Koa, mdogo kama punje ya mtama,
chini ya jani, pembeni kabisa.
Ukurasa wa nne yumo. Wa saba yumo.
Kuku anahangaika na mwavuli,
upepo unampindua, anaangukia dimbwini,
na koa yu nyuma yake tangu mwanzo.
"Anamfuatia nini?"
"Kuku kasahau kitu. Koa anampelekea."
"Kitu gani?"
"Sijui. Kesho n'takwambia."

Kesho yake kilikuwa kiatu.

Siku ya tatu mamaake akapiga simu kutoka Maskati.
Time akakifungua kitabu mbele ya kioo cha simu,
ukurasa baada ya ukurasa, mikono ikimtetemeka,
na mama, kule, kamaliza kuosha vyombo vya watu,
akasoma naye:
"Hee! Kuku huyu mjanja, mwavuli si wake.
Kaazima. Koa ndiye mwenyewe, anaudai."
Wakacheka mpaka picha ikaganda,
mdomo wa mama wazi, neno limekatika nusu.
Time hakuufunga ukurasa.
Alingoja.
Mtandao uliporudi
nilijua atauliza lile la kila siku, utakuja lini.
Akauliza: "Mama, ungekuwa wewe kuku, ungemrudishia?"
Mama akafikiri. Nilimuona akifikiri.
"Ningemwambia aingie. Koa anachukua nafasi gani?"

Kitabu kilirudi skuli Alhamisi,
na doa la sambusa ukurasa wa saba.
Nimekubali kulipa. Mwalimu kakataa.

Leo asubuhi, Kipangani, kwa Bikombo,
nimeinua kifuniko cha mita:
koa, mzima, kalala juu ya kioo,
kaziba tarakimu mbili za mwisho.
Mwezi uliopita ningempangusa.
Nimechutama, penseli sikioni.
Natazama pembe zake zinavyochomoza, moja,
halafu nyingine, zikiuliza upepo.
"Kuna nini humo?" Bikombo kanipigia kelele toka mlangoni.
"Bili imepanda?"
"Ngoja," nikamwambia.
"Bado anapita."