Kaskazi ya Mfupa

Vuta kiti, Ndekirwa. Sogeza hiyo cherehani
na hizo suruali za mitumba za Kiboriloni,
leo meza ni ya vigae.
Kelele isikutishe, ni kama buni kavu kwenye sinia.

Una kumi na vitatu, unaokota cha kumi na nne.
Mafungu manne ya vitatu vitatu, na pacha mmoja.
Hapo umemaliza. Na huenda hujapata kitu,
maana mkono usio na yaku ni posa isiyo na mshenga:
utafika mlangoni na mbege yako kichwani,
hakuna wa kukufungulia.

Hiki kinachochungulia kinakuonyesha dora.
Dora ni chumvi. Inaongeza han, haigeuki mboga.
Nimeona watu wenye chumvi tatu wakilala njaa.

Han moja, mbili, ni nauli ya kwenda Pasua na kurudi.
Zikifika tano wanaita mangan: elfu nane,
yaani punje nane, sisi hapa tunahesabu kwa buni.
Sita ni kumi na mbili. Nane ni kumi na sita.
Usikariri. Tazama rangi.
Mianzi mitupu, bila duara wala tarakimu, ni han sita;
ukichanganya na pepo na majoka, tatu.
Lakini ukidaka cha mwenzio, ukasema pon,
umejifunua, na kila moja inashuka kidogo.
Kilichofichwa kina bei yake.

Juu kabisa iko yakuman. Thelathini na mbili.

Hiki chenye mgongo wa rangi ya chai
si cha Bwana Hirayama. Yeye, fundi wa mifereji,
alituachia sanduku mkataba wake wa Chekereni ulipokwisha,
Kaskazi zikiwa tatu. Ya nne
Anaeli aliichonga kwa mfupa wa ng'ombe,
akaipaka, ikakataa kufanana.
Kwa hiyo ikiwa juu ya ukuta wote tunaiona.
Tunajifanya hatuioni.

Siku hiyo nilikuwa na mianzi na majoka,
mkono wote umefichwa, dora moja ndani.
Tatu, na moja, nne. Nikaweka punje ya kiapo mezani,
nikasema: riichi. Hiyo ya tano.
Riichi ni kiapo, Ndekirwa. Ukishatamka
huchagui tena: ukiokota kisichokumalizia, unakitupa,
hata kiwe nini.

Nilikuwa natazama uzuri wangu. Sikuhesabu ukuta.

Elisaria wa betri, wa Bomambuzi,
alikuwa anatupa vitu vya katikati tangu mwanzo,
nne, tano, sita, vile tunavyovililia sisi,
na anakumbatia takataka:
moja na tisa za kila ukoo,
pepo, majoka, kila mmoja peke yake.
Yatima kumi na watatu, mmoja wao tu ana pacha.
Kaskazi tatu tulishazitupa mapema, kama maganda.
Ikabaki ya mfupa.

Ndipo nikahesabu. Wa kwanza Anaeli,
kisha Manka, kisha Elisaria mwenyewe,
kisha mimi.
Nikaomba kimoyomoyo mtu aseme pon, zamu ihame.
Mvua ilikuwa inapiga bati. Hakuna aliyesema.
Elisaria alishika kikombe, hakinywi, hakiteremshi.

Niliijua kwa kidole kabla ya kuigeuza,
bado ina mkwaruzo wa msasa.
Nikaiweka mezani taratibu,
kama mtu anayerudisha chenji iliyozidi.

Punje ishirini na nne zote zikaenda, na deni la nane.
Manka akasema hicho si kigae, ni supu.
Anaeli akasema mkono wake haujawahi kutengeneza kitu bandia.
Wanabishana mpaka leo.
Elisaria hakubisha. Alivipanga vile vitu visivyo na ndugu
kimoja kimoja, mstari mmoja,
akaomba tusivichanganye kwanza.

Basi, okota.
Na kabla hujapenda ulichonacho,
tazama wenzako wanatupa nini.