Anua

Walimwita Muhsin.
Akakaa.
Ukumbi wa kambi ya Seeb ulikuwa baridi kama jokofu la samaki,
nasi jamaa tumepangwa viti vya nyuma,
kanzu zinanukia udi na pasi.
Wakamwita tena, Muhsin bin Hamedi.
Nikamgusa bega. Akanijibu, wala hakunong'ona:
"Mwenye jina hilo hajafika."

Kapteni kijana akashuka jukwaani na orodha yake.
Babu hakumpa jina. Alimpa namba,
tarakimu sita, kwa Kiarabu kile cha gwaride,
bila kupumua, kama mtu anayetoa shahada.
Kidole cha kapteni kikateremka, kikasimama.
"Muhene," akasoma. "Samahani, mzee. Muhene."

Hapo ndipo alipoinuka.

Sifa zilisomwa kwa dakika moja na nusu; nilipima kwa simu.
Kilima, tarehe, majeruhi wawili waliobebwa,
ushujaa chini ya moto mkali.
Lugha haikutajwa.

Nami ndiyo niliyoijia.

Maana yeye alifika Maskati mwaka wa sabini na moja
na sanduku la bati na Kiarabu cha msikitini,
akaandikwa jeshini kabla hajajua kuomba chumvi.
Bwaloni walimcheka: Zinjibari, sema tena!
Akisema "ng'ombe" wanagonga sahani.
Wakampandisha milima ya Dhofari wakati wa khareef,
ukungu umelala juu ya ngamia,
matope, inzi, buti zisizokauka,
na adui anasikiliza kila redio,
Kiarabu anakijua, Kibaluchi anakijua,
anajua hata matusi ya Mwingereza.

Kilima cha pili alikuwako Sleyum, mtu wa Kengeja.
Usiku mmoja, kwa uchovu tu, Sleyum akauliza redioni:
"Karafuu zenu huko zimekauka?"
Babu akaelewa.

Tangu hapo vita vikawa shamba.
Karafuu ni risasi. Makonyo, maganda yake.
Jamvi ni uwanda wa wazi, usilikanyage.
Pakacha ni mtu aliyeumia;
pakacha limejaa, huyo hatembei.
Wachumaji wangapi, tawi gani?
Na mizinga ikianza kukohoa upande wa magharibi:
anua, mvua yaja, anua!
Vijana wa Kibaluchi wakajifunza neno hilo moja,
wakawa wanalala chini kabla ya mngurumo.
Wale waliogonga sahani, nao wakalala.

Siku ya siku Sleyum akasema: mapakacha mawili yamejaa.
Halafu: wachumaji wamepanda mti wangu mwenyewe.
Babu akaita, anua. Akaita, anua, Sleyum, anua.
Redio ikatoa mchanga.
Akaiweka chini, akavuka bonde,
hakuamriwa na mtu,
akarudi na mmoja mgongoni, akaenda,
akarudi na wa pili.
Mara ya tatu akarudi mikono mitupu.
Hilo nalo halikusomwa.

Nyumbani nishani aliitia katika kopo la biskuti,
pamoja na sindano zake za sukari.
Nikakasirika: miaka arobaini, babu, na jina wamekosea!
"Namba hawakukosea," akasema,
akaomba chai.

Usiku huo ikanyesha Seeb, matone mazito yenye vumbi.
Nguo zilikuwa darini.
Nikamsikia kutoka chini: "Anua!"
Nikakimbia, nikakusanya kanzu, leso, mashuka,
naye hanyamazi: "Anua! Wanisikia? Anua!"
na sauti ile haikuwa ya mtu wa nguo.
Nikasimama gizani, mzigo kifuani.
"Nimesikia, babu. Nimeshaanua."
Kimya.
Halafu: "Zote?"
"Zote. Imelowa moja."