Mistari Sita

Deolinda hakunifundisha kuandika.
Alinipa kiti kilichovunjika mgongo,
penseli mbili, na wafu wa wiki ile.
"Mistari sita kwa kila maiti," alisema,
"saba kama jamaa wamelipia."

Gazeti letu lilitoka Alhamisi,
kurasa nane, bei chini ya mkate,
na Bragança nzima ililisoma kuanzia nyuma:
kwanza nani kafa,
kisha bei ya mafuta ya zeituni,
serikali baadaye, kama chai haijaisha.

Wa kwanza wangu alikuwa fundi kengele,
Adelino Sarmento, miaka themanini na mmoja.
Niliandika: mti mkubwa umeanguka.
Niliandika: pengo lake halitazibika.
Deolinda akasoma, akavua miwani,
akaniuliza ni mti wa aina gani,
na pengo hilo lina upana gani,
na kama nilikuwa nimefika kwa mjane.
Sikuwa nimefika.
Kuna theluji, nikasema.
"Basi andika theluji. Hiyo angalau umeiona."

Nikaenda. Ngazi zilinuka moshi na kabichi.
Bi Felismina alinimiminia mvinyo katika kikombe cha chai
akazungumza saa mbili mambo ya pembeni:
bei ya kuni, goti lake,
paka wa jirani asiye na adabu.
Nilikwisha funga daftari, mkono u kwenye komeo,
aliposema, kana kwamba analiambia kabati,
kuwa mumewe alikuwa kiziwi
miaka kumi na minane ya mwisho,
na kengele alizipima kwa meno:
aliuma ukingo wa shaba, akafumba macho,
akangoja mtetemo upande hadi fuvuni.

Nilirudi mbio, kilima chote.
Niliandika mistari kumi na tisa.
Deolinda akakata kumi na mitatu,
bila chuki, kwa kalamu nyekundu,
kama mtu amtoleaye mtoto miba ya samaki.
Yakabaki meno. Ikabaki kengele.

Alhamisi ile mchinjaji alisimama na gazeti,
kisu mkono wa pili, foleni ikimngoja,
akarudi juu ya ukurasa, akasoma tena.
Kuna kitu kilipita usoni mwake.
Jina lake silijui hata leo,
ila tangu siku hiyo
sijaandika sentensi bila kukisaka.

Nilikisaka vibaya pia.
Mwalimu Herculano alipofariki nilikuwa na mafua,
sikutoka, nikambunia ndege:
kanari wa manjano, dirishani, aimbaye kila saa ya hesabu.
Ilikuwa taazia tamu. Watu waliikata wakaihifadhi.
Dada yake akapanda ngazi za ofisi polepole,
akasimama mbele ya meza yangu na mkoba wake.
"Kaka yangu," alisema, "aliogopa ndege."
Hakusema zaidi.
Ningependa angenitukana.

Sasa vijana huja, wananishinda kwa msamiati,
wanauliza siri iko wapi.
Nawaonyesha kiti. Bado kimevunjika.
Wengine hukaa, wengi huondoka,
mmoja alikirekebisha, na sijamsamehe.

Deolinda alikuwa akisoma kwa kunong'ona,
midomo ikicheza, koti halivuliwi hata Agosti,
na pumzi ilipomwishia kabla ya sentensi
aliweka nukta papo hapo,
mwandishi akubali asikubali.
Alikufa Machi, Jumanne, siku ya kufunga kurasa,
kana kwamba alitaka kunibana muda.

Nilimwandikia usiku kucha.
Niliandika koti. Niliandika nukta.
Umri wake nilikosea kwa mwaka mmoja,
mchinjaji akaniambia asubuhi, mbele ya watu.
Ilikuwa mistari minane. Hakuna aliyelipia.
Angekata miwili, najua hata ni ipi,
nikaiacha.