Mtafsiri wa Banda la Suneka

Filamu imeanza, jenereta inakohoa,
nami nimeketi kando ya pazia, maikrofoni mkononi,
ulimi wangu umekodiwa na watu mia kwa shilingi ishirini.

Mwindaji huyu, tazameni, hafi.
Alichomwa mkuki enzi za farasi, akaamka.
Akaangukiwa na mnara, akajipangusa vumbi.
Miaka mia nane anawafuata wachawi
kwa upanga uwakao samawati,
na wachawi, ajabu, wote ni wanawake.
Nimetafsiri filamu nyingi. Huwa hivyo.

"Huyu jamaa," napaza sauti, "hata kifo kinamdai, kinaogopa kubisha hodi!"
Banda linacheka. Mabati yanacheka.

Benchi la pili, Makori na wenzake.
Wananuka petroli, nalo si jambo,
kila mwenye pikipiki hunuka petroli.
Ila leo wana jerikeni mbili katikati ya miguu,
na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne.
Niliiona mchana, kibandani pa chai, ikipita mkono kwa mkono.
Majina matano.
La tatu: BOSIBORI, kwa herufi kubwa,
kana kwamba ni kiziwi.

Bosibori husugua mawe ya Tabaka kwa msasa,
viboko na twiga wa kuuzwa uwanja wa ndege.
Vumbi jeupe limemkaa hadi kwenye kope.
Wanasema ni jivu la makaburi.
Macho mekundu: kuni mbichi.
Hutembea usiku: saa kumi alfajiri hakuna foleni chemchemini.
Paka: ana mahindi, kwa hiyo ana panya.
Na mpaka wa shamba lake umehama mara mbili mwaka huu,
kuelekea mlangoni pake.
Hilo halimo katika karatasi.

Kwenye pazia, mchawi wa mwisho ameshikwa nywele.
Upanga uko juu.
Anasema maneno matatu kwa lugha yake.
Nadhani ni laana. Nililipwa nitafsiri laana.
Maikrofoni imelowa jasho langu.

Nasema, polepole:
"Mwanangu, kitovu chako nilikizika mimi,
nyuma ya nyumba, chini ya mgomba.
Ulikuja umetanguliza miguu. Ulikuwa wa buluu.
Wewe usiyekufa,
ni nani aliyekupuliza puani ukalia?"

Kimya. Jenereta tu.
Suneka nzima inajua ni nani aliyezaliwa miguu mbele,
usiku wa mvua ya mawe,
na ni mkunga gani aliyevuka mto kwenda kumpokea.

Mwindaji anafumbua kinywa, ni zamu yake.
Mimi ndiye ulimi wake, na nina pumzi moja:
"Mama, nimechoka.
Nionyeshe pa kukiweka chuma hiki."

Lakini picha haina mtafsiri.
Upanga unashuka.
Kichwa kinabingirika kama kabichi lililoponyoka guniani,
na sauti yangu bado inasema
nakiweka chini, mama, nakiweka chini.

Mtu anapiga mluzi.
"Tafsiri gani hii? Turudishie ishirini zetu!"
Viti vinagongana, ganda la muwa linanipata shavuni.
Makori hapigi kelele.
Hatazami pazia. Ananitazama mimi.

Jenereta inazimika yenyewe, kama kawaida yake.
Giza, matusi, tochi za simu.
Inapowaka tena, benchi la pili ni tupu,
na chini yake jerikeni.
Naiinua: nzito, imejaa.
Moja.

Nilihesabu mbili.

Namwacha mwindaji akiua bila maneno,
nashuka bonde mbio, migomba ikinipiga usoni,
hadi nisikie msasa: kwaru, kwaru, kwaru.
Taa ya koroboi. Kiboko cha jiwe mapajani pake.
"Ni nani?" anauliza, bila kuinua macho.

Nakosa neno.
Naketi kizingitini, nikitazama njia,
maikrofoni bado mkononi,
waya wake uking'oka na kuning'inia hadi umandeni.